Mianya Imefunguka

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, kana kwamba vumbi lake bado limo kwenye kucha zangu. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya uwanja wa mawe, mbele ya nyumba ya mama yangu, ndoo ya saruji upande huu, mwiko wa fundi mkononi, napiga mluzi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nafanya kosa kubwa kuliko yote niliyopata kufanya katika maisha yangu, na nilikuwa na furaha isiyo kifani.

Ulipokuja kuniona mara ya mwisho, na si jana wala juzi, uliuliza kwa nini kila mwaka, mtama ukianza kuinamisha vichwa, mimi mzee wa magoti mabovu nafunga safari kutoka hapa Geita hadi kijijini kwetu nje ya Shinyanga, kwenda kujaza udongo kati ya mawe. Ulicheka pia. Ulidhani sikusikia uliposema kule jikoni, "Mzee angeweka saruji mara moja, akapumzika." Masikio yangu ni mazima, ni magoti tu yaliyoharibika. Leo nakujibu, na ukae vizuri, kwa sababu nikianza kusimulia sina haraka.

Kwanza uujue uwanja wenyewe. Baba yangu aliutengeneza kabla mimi sijazaliwa. Kwetu kuna vilima vya mawe matupu, na watu wa zamani walijua kupasua mwamba bila baruti. Unawasha moto wa magogo juu ya mwamba tangu asubuhi, mwamba ukishashika moto barabara unaumwagia maji ya baridi, nao unabanduka vipande bapa, unene wa kiganja. Baba alibandua mawe kama hayo mengi, akayavuta kwa ng'ombe mpaka nyumbani, akayapanga mbele ya mlango. Hapo ndipo mama alipoanika mtama, alipopura uwele, alipochambua karanga na majirani zake. Mawe hayakugusana. Kati ya jiwe na jiwe paliachwa mwanya wa vidole viwili au vitatu, na mwanya huo ulijazwa udongo wa kichuguu uliokandwa pamoja na mavi ya ng'ombe na majivu. Mvua zikinyesha, udongo unaliwa kidogo kidogo, nyasi zinaota humo, na kila mwaka kabla ya mavuno sharti ukwangue mianya na kuijaza upya.

Katika mawe hayo yote, matano yalikuwa na wenyewe. Kila mtoto alipozaliwa, baba alibandua jiwe moja kubwa kuliko mengine akalilaza uwanjani. La dada yangu Kabula, mzaliwa wa kwanza, lilikuwa karibu na mlango. Halafu yalikuwepo mawili yaliyolala ubavu kwa ubavu, ya mapacha, Kulwa na Doto. Halafu la Shija, aliyewafuata mapacha. Na la mwisho, upande wa jikoni, lilikuwa langu mimi Masanja. Kulwa na Doto walikufa kwa surua, wote wawili katika juma moja, hawajamaliza hata kuota meno. Shija alifika miaka minne, akachukuliwa na homa ya siku mbili. Mimi nilizaliwa nikakuta hawapo. Niliwajua kwa mawe yao tu.

Mama yangu tulimwita Mayu, kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao. Mayu hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na sheria zake zilikuwa chache, ila kuhusu uwanja ule alikuwa nayo moja isiyovunjwa: kila mtu ajaze mianya ya jiwe lake kwa mkono wake mwenyewe. Kabula alipoolewa kijiji cha jirani alirudi kila mwaka kujaza ya kwake, hata akiwa na mtoto mgongoni. Mimi nilijaza ya kwangu. Mianya ya wale watatu aliijaza Mayu, peke yake, wala hakutaka msaada. Alikaa chini akanyoosha miguu, akashindilia udongo kwa kiganja, akausugua kwa kijiwe cha mtoni mpaka ukang'aa. Na huku akisugua alikuwa akisema kwa sauti ya chini, akieleza ng'ombe yupi amezaa, nani ameoa, mvua mwaka ule zimekuwaje. Mimi nilidhani anajisemea mwenyewe kama watu wazima wanavyofanya kazi ikiwachosha.

Baba alipofariki nilikuwa kijana wa kutosha, nikaenda kutafuta kazi kwenye dhahabu upande wa Geita, kama vijana wengi wa wakati ule. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma. Safari ilikuwa ya siku tatu, treni kutoka Shinyanga hadi Mwanza, kisha kivuko, kisha lori kwenye barabara iliyokuwa na mashimo kuliko barabara. Kambini tulikuwa mchanganyiko, Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Waha, na watu wa pwani waliovaa kanzu siku ya Ijumaa. Kila mwaka mtama ukikaribia kukomaa, nilipata salamu za Mayu kwa kinywa cha mtu, pengine utingo wa lori, pengine mchuuzi wa samaki wakavu. Salamu zenyewe zilikuwa maneno mawili, yaleyale kila mwaka: "Mianya imefunguka." Nami niliomba ruhusa, nikaenda, nikajaza mianya, nikala ugali wa mtama mpya, nikarudi kazini.

Sasa sikia ujana, mwanangu. Wanasema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Mimi naongeza kwamba ukiwepo unaingia machoni mwa mwenyewe. Mwaka wangu wa tatu niliwekwa chini ya fundi mwashi aliyetoka pwani, mtu mtaratibu tuliyemwita Fundi Saidi, nikajifunza kuchanganya saruji, kuvuta kamba, kutumia pimamaji. Nikawa mtu wa viatu na kofia. Wenzangu kambini walipojua ruhusa yangu ya kila mwaka ni ya kazi gani, wakapata la kusema jioni nzima. "Fundi wa saruji mzima anakwenda kukanda mavi ya ng'ombe." Nilicheka nao, lakini iliniuma. Na nyapara wetu naye alishaanza kuguna kila nikimwendea na ombi lilelile.

Nikaona dawa ninayo mkononi. Nilijiambia, usipoziba ufa utajenga ukuta, basi mimi nitaziba mara moja na kwa saruji, Mayu apumzike. Nilijiambia ni kwa ajili ya Mayu. Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine, na leo ni mzee sioni haya kuisema, nilitaka nipumzike mimi.

Nilipomweleza Fundi Saidi, aliacha mwiko wake akaniuliza, "Maji ya mvua yatapita wapi?"

"Yatapita yanakopita siku zote, Fundi."

"Na mama umemwuliza?"

Nikacheka. "Zawadi haiombewi ruhusa, Fundi."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye ukuta wake. Fundi Saidi hakuwa mtu wa kurudia neno, na mimi sikuwa mtu wa kusikia la kwanza.

Nilifika nyumbani na mifuko ya saruji juu ya gari la ng'ombe, nikakuta Mayu hayupo. Kabula alikuwa amejifungua, na Mayu amekwenda kumlea kwa siku chache. Niliona ni bahati yangu. Nikavua shati nikaanza kukwangua mianya, uwanja wote, bila kuchagua. Mianya ya jiwe langu ilitoka upesi, udongo umelegea, nyasi tele. Lakini nilipofika kwenye mawe ya mapacha na la Shija, udongo ulinikatalia. Ulikuwa umeshindiliwa mwaka juu ya mwaka, mgumu, laini juu kama kibuyu kilichozeeka. Ilinibidi niupasue kwa tindo na nyundo, ukatoka mabonge mabonge yenye alama za vidole vya Mayu. Nikayazoa kwa jembe nikayatupa nyuma ya zizi. Kisha nikamimina saruji, nikalainisha, nikapiga mluzi.

Mayu alirudi siku ya nne, saa za kuanika nafaka, kikapu kichwani. Nilisimama pembeni nikingoja kusifiwa. Alitua kikapu, akavua makubadhi yake, akaingia uwanjani miguu mitupu. Akatembea taratibu mpaka kwenye mawe ya mapacha, akasimama hapo. Akagusa mwanya kwa kidole gumba cha mguu.

"Na hapa pia?" aliuliza.

"Hapa hasa, Mayu. Hapa ndipo palipokuwa pabovu zaidi."

Aliinama akapapasa saruji kwa kiganja. Halafu akasema, "Wabeja, mwanangu. Imekuwa ngumu sana." Wabeja ndiyo asante yetu. Akaingia ndani kunipikia. Nilikula kuku siku ile, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema, na kesho yake nikashika njia ya kurudi Geita. Sikuona chochote usoni mwake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa bado sijazika mtoto.

Mwaka uliofuata mtama ulikomaa, salamu hazikuja. Nikafurahi kimoyomoyo. Nyapara alinisifu mbele ya watu kwamba sasa nimekuwa mtu mzima. Mwaka wa pili nao mtama ukakomaa, na siku zile nikajikuta kila lori likiingia nasimama barabarani. Nilimwuliza utingo kama ana salamu zangu. Akasema hana. Nikamwuliza yule mchuuzi wa samaki. Akasema mama yako ni mzima, nilipita kwake, alinipa maji ya kunywa, hakunituma neno. Nikarudi chumbani nikakaa kitandani, na nakwambia kweli, nililia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika miaka yote ile mama yangu hakupata hata mara moja kuniambia amenikumbuka. Hakuwa na maneno hayo. Alikuwa na mianya.

Utaniuliza, mbona hukwenda tu mwenyewe? Nami nimejiuliza miaka mingi. Nyapara angesema, sababu gani, na mimi nilikuwa nimeiziba sababu yangu kwa mkono wangu. Tena nilikuwa na kiburi cha kijana, nilitaka niitwe kwanza. Nilitamani harufu ya udongo ule uliokandwa, ambao wenzangu waliucheka. Nilitamani kumsikia Mayu akisema na mawe. Nikiwa kazini nalainisha kuta za watu wengine, viganja vyangu vilikuwa vinatafuta kijiwe cha mtoni. Hamu ni kitu cha ajabu, mwanangu. Haiji na kelele, inakaa tu kwenye mikono.

Mwaka wa tatu mvua zilikuwa nyingi, na salamu zilikuja, ila hazikutoka kwa Mayu. Zilitoka kwa Kabula: "Maji yameingia ndani ya nyumba. Ukuta wa jiko umeanguka. Njoo." Nikaomba ruhusa nikaenda, na njia nzima nilisikia swali la Fundi Saidi. Zamani maji yalikuwa yakinywewa na mianya. Mimi niliifunga, na kwa kuwa uwanja uliinamia mlangoni kidogo, kila mvua ilikuja nyumbani kama mgeni asiyebisha hodi.

Nilifika asubuhi, mvua za mwisho zimeshakatika. Kabula alikuwa anatoa matope ndani kwa ungo wa zamani. Hakunisalimu vizuri. Alinishika mkono akanipeleka uwanjani. "Angalia," akasema.

Saruji yangu ilikuwa bado ipo, uwanja karibu wote, imechanika hapa na pale. Lakini kuzunguka jiwe la Kulwa haikuwepo. Wala kuzunguka la Doto. Wala la Shija. Mianya yao ilikuwa imejazwa udongo wa kichuguu, umesuguliwa, unang'aa, ila mvua zimeula hapa na pale. Kuzunguka jiwe la Kabula nako saruji ilikuwa imebanduliwa. Jiwe langu pekee ndilo lililobaki vilevile nilivyoliacha.

"Nani kafanya?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mwenye watoto," Kabula akajibu. "Kiangazi cha kwanza, kila siku baada ya kulisha kuku, alikaa hapa na ncha ya jembe bovu na jiwe. Anagonga, saruji inatoka punje punje. Viganja vilipasuka, nikamfunga vitambaa. Mapacha walimchukua kiangazi kizima. Shija akamchukua cha pili. Ya jiwe langu niliibandua mwenyewe. Yale mabonge uliyoyatupa nyuma ya zizi aliyaokota, akayaponda, akayarudisha. Nilimwambia, Mayu, tumwite Masanja, ana tindo, atamaliza kwa siku moja. Akakataa. Akasema, ameifunga kwa mkono wake na kwa moyo mzuri, asije akasikia kwamba nimeifungua."

Nilikaa chini palepale. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye, lakini yangu yalikuja siku ile yakiwa yamekua na ndevu.

Mayu alitoka nje akiwa amejifunga kitenge cha kazi. Alikuwa amepungua, na alikuwa na kikohozi. Niliinama nikamwamkia, "Mwangaluka, Mayu," akaitikia kama jana tu tulikuwa pamoja. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nilikuwa mjinga, sikujua. Alinyoosha mkono akanishika bega, akajishusha mpaka akakaa karibu yangu.

"Jino la pembe si dawa ya pengo," akasema. "Hilo hukulijua, sasa umelijua, basi yameisha. Lakini nikuulize wewe uliyesoma kazi za Wazungu. Ukiufunga mwanya usifunguke tena, mimi nitakuita kwa lipi?"

"Ungeniita tu, Mayu. Ungesema njoo."

Akacheka kidogo, akakohoa. "Mama hamwiti mwanaume mzima aache kazi kwa sababu ya kutaka kumwona sura. Aibu. Lakini mianya ikifunguka, ni kazi."

"Na mbona jiwe langu hukuligusa?"

"Wewe u hai," akasema. "Mzima hujaza mwenyewe."

Mwanangu, nimekemewa na nyapara, nimekemewa na mabwana wa kila rangi, hakuna kemeo lililoniingia kama maneno hayo matatu.

Nilikaa siku kumi na mbili. Nilibandua saruji ya uwanja mzima kwa tindo, na ya jiwe langu nikaibandua mwisho. Kisha Mayu akanifundisha upya, kama mtoto. Kwanza ukwangue mwanya mpaka mizizi yote itoke, kwa maana ukiacha mzizi mmoja umeacha nyasi zote. Umwage maji, ungoje yanywewe. Ujaze chini kwanza, ushindilie, uache upumue mpaka kesho, kisha ujaze juu. Usijaze kwa pupa. Usugue mpaka ukipitisha kiganja usijue jiwe limeishia wapi na udongo umeanzia wapi. Na unapofanya, sema nao.

"Na nani, Mayu?"

"Na wenye mawe. Waambie habari. Hawana mwingine wa kuwaambia."

Basi nikamwambia Kulwa, na Doto, na Shija, ndugu zangu nisiowaona, jinsi dhahabu inavyochimbwa, na jinsi kivuko cha Mwanza kinavyoyumba. Mayu alisikiliza akitabasamu, mikono mapajani, viganja vimejaa makovu. Siku ile aliniruhusu nijaze nusu ya mianya yao, nusu yake akajaza yeye. Sijapata tena kufanya kazi tamu kama ile.

Miaka minne iliyofuata salamu zilikuja kila msimu, nami nilikwenda. Wenzangu waliendelea kucheka, nikawaacha wacheke, meno ni yao. Kisha mwaka wa tano salamu zilikuja katikati ya mvua. Nilikuwa najenga, mchuuzi akasimama barabarani akaita, "Masanja, mama anasema mianya imefunguka."

Nilimwendea nyapara. Akaangalia juu, mvua inamwagika. "Wewe unanifanya mimi mtoto? Nani hujaza udongo kwenye mvua? Subiri kiangazi. Ukiondoka leo usirudi kutafuta nafasi yako hapa." Alikuwa na haki. Hata mtoto wa kijijini anajua udongo haujazwi masika. Nikasimama pale natota, nawaza. Mayu alijua kuliko sisi sote. Basi kama Mayu kasema mianya imefunguka, na mvua inanyesha, hapo hapana habari ya udongo.

Niliweka mwiko chini nikaondoka siku ileile.

Nilifika nikamkuta amelala kwenye ngozi karibu na mlango, mahali anapoweza kuuona uwanja. Kabula alikuwa amemwegemeza. Nilipita juu ya mawe yote nikiangalia chini, kwa mazoea tu, na nakuapia, hapakuwa na mwanya hata mmoja uliofunguka. Udongo tulioujaza kiangazi ulikuwa umekaa imara, mvua inaupiga, unakunywa.

"Umekuja," Mayu akasema.

"Nimekuja, Mayu. Mianya iko wapi?"

"Imefunguka," akasema, akacheka kile kicheko chake kidogo kilichoishia kwenye kikohozi.

Tulikaa pamoja siku tisa. Nilimnywesha uji, nikamwambia habari zote, hata zile za aibu. Siku ya kumi, mvua imekatika na jua limetoka, alifumba macho akiwa ameshika mkono wangu. Kazi yangu niliipoteza, nafasi alipewa mwingine, na hiyo sikuilaumu hata siku moja. Kwa siku tisa zile ningetoa na viatu, na kofia, na kila ukuta niliopata kuujenga.

Kiangazi kilipofika nilipanda kilimani. Nikawasha moto juu ya mwamba kama baba alivyofanya, nikamwaga maji, nikabandua jiwe moja. Nikalilaza kati ya jiwe la Shija na langu. Mianya yake naijaza mimi, kila mwaka, na nikiijaza namwambia habari. Nimemwambia ulipozaliwa. Nimemwambia ulivyoanza kusoma, na jinsi unavyocheka ukiwa jikoni ukidhani sikusikii.

Sasa nasaha yangu, na niiseme wazi kwa maana nanyi vijana wa leo mambo ya kuzungukazunguka yanawachosha. Ufa wa ukuta uzibe, na uuzibe upesi, wahenga hawakukosea. Lakini kati ya mtu na mtu wake kuna mwanya usiozibwa moja kwa moja. Hujazwa, ukaliwa na mvua, ukajazwa tena. Usitafute saruji yake. Mnatuma mfuko wa sukari na blanketi kwa mkono wa mtu, mnasema tumemaliza, mzee yuko sawa mwaka mzima. Blanketi ni zuri, sikatai, na usiku nalitumia. Lakini blanketi halikai chini likanipa habari. Kabla hujamfanyia mzazi wema mkubwa, mwulize kwanza. Kitu unachokiona kibovu, angalia kama hakina alama za vidole. Na mkubwa wako akikuita kwa sababu ndogo isiyoeleweka, usipime sababu, anza safari.

Mungu wako akulinde barabarani na majini. Akupe mikono isiyoona haya udongo. Akupe watoto watakaokuja kabla hujawaita mara ya pili, na jiwe lako likae mahali ambapo mtu atapiga magoti.

Kabula amezeeka kuliko mimi, haoni tena vizuri, na mwaka huu magoti yangu yamekataa kabisa. Mtama umeinama na mimi niko hapa kitandani. Ninajua una kazi. Ninajua bosi wako atauliza sababu.

Mianya imefunguka, mwanangu.